Mkaa, Chaki na Huba: Kisasili cha Toyin Ojih Odutola

Toyin Ojih Odutola alizaliwa mwaka 1985 Ile-Ife, kusini-magharibi mwa Nijeria, mji ambao Wayoruba huuhesabu kuwa kitovu cha dunia. Masimulizi yao yanaeleza kwamba hapo ndipo aliposhuka Oduduwa kwa mnyororo kutoka mbinguni, na nchi kavu ikaanza kutandazwa juu ya maji. Baba yake ni Myoruba, mama yake ni Muigbo. Akiwa na umri wa miaka 5 alipelekwa Marekani, kwanza California na baadaye Huntsville, Alabama, ambako alikulia na kuanza masomo yake ya sanaa. Mtu aliyezaliwa juu ya ardhi yenye kisasili kilichotimia namna hiyo angetarajiwa akichore hicho hicho alichorithi. Yeye alichagua njia nyingine. Alijitungia kisasili kipya, chenye watawala wake, watumwa wake, sheria zake na wapenzi wake wawili, akakisimulia kwa mkaa, pasteli na chaki katika picha 40. Kazi hiyo aliiita A Countervailing Theory, yaani Nadharia Pinzani, na ilitundikwa kwa mara ya kwanza katika jumba la Barbican, London, mwezi Agosti mwaka 2020. Ilikuwa ifunguliwe Machi, lakini maradhi ya Korona yalikuwa yamefunga milango ya dunia.

Kabla ya hadithi yenyewe, yafaa kutazama zana. Pasteli ni unga wa rangi ulioshikizwa kwa gundi kidogo na kufinyangwa kuwa kijiti. Haichanganywi na mafuta wala haihitaji brashi. Hukaa juu ya karatasi mithili ya vumbi, na kidole kikipita juu yake huondoka na sehemu yake. Kwa sababu hiyo wachoraji wengi wameipenda kwa kuchora ngozi ya mwanadamu: anayechora kwa pasteli hupapasa anachokichora. Mkaa na chaki ni ndugu zake wa karibu, na hakuna mtoto wa mwambao asiyejua jinsi vitu hivyo viwili vinavyobaki mkononi baada ya kazi.

Odutola hakuanza na pasteli. Miaka yake ya mwanzo alichora kwa kalamu ya wino ya kawaida, akirundika mistari myeusi juu ya mistari myeusi mpaka ngozi ya mtu ikang'ara kama jiwe lililooshwa na maji. Mara kwa mara ameeleza kuwa anaiona ngozi kama ardhi, kama nchi yenye mabonde na vilima ambayo jicho linaweza kuisafiria. Alipohamia kwenye pasteli na mkaa, tabia ya kalamu haikumtoka. Wachoraji wa pasteli aghalabu hulainisha, lakini yeye huchonga. Ngozi za watu wake zina mifereji kama ile inayoachwa na mvua mlimani. Washairi wetu wa mahaba wameufananisha mwili wa mpendwa na matunda, na dhahabu, na mwezi. Vitu hivyo huliwa, huvaliwa, au hutazamwa kwa mbali. Odutola anaufananisha na ardhi, na ardhi ina jambo ambalo mwezi hauna: ardhi huwa na mwenyewe. Inalimwa, inachimbwa, inapimwa na kuwekewa mipaka. Jambo hili linapaswa kushikwa mapema, kwa kuwa ndilo linaloibeba Nadharia Pinzani kutoka mwanzo hadi mwisho.

Kati ya mwaka 2016 na 2018 alikuwa amechora mfululizo mwingine uliompatia jina. Humo alibuni koo mbili za kitajiri za Nijeria, UmuEze Amara ya Kiigbo na Obafemi ya Kiyoruba, zilizounganishwa kwa ndoa ya wanaume wawili. Maonyesho hayo yalifanyika San Francisco mwaka 2016 na katika jumba la Whitney, New York, mwaka 2017, na yeye mwenyewe alijitambulisha kwa watazamaji kama naibu katibu wa familia hizo, eti anaonyesha tu hazina yao ya picha. Ni mzaha mtamu. Nao ulikuwa na makali yake, kwani Januari 2014 Nijeria ilikuwa imepitisha sheria inayowafunga hadi miaka 14 jela watu wa jinsia moja wanaofunga ndoa. Msanii huyu akachora maharusi hao wakiwa likizoni, wamevaa vizuri, bila hofu, kama watu ambao sheria hiyo haijawahi kuandikwa katika nchi yao. Picha zile zimejaa rangi, na namna alivyozitendea nguo na mapazia ni ya kustaajabisha.

Hata hivyo, msomaji makini wa picha hizo hakosi kujiuliza swali moja: utajiri ule ulitoka wapi? Matajiri wale wanaketi, wanasimama dirishani, wanatazama mashamba yao. Odutola alisema alitaka kuonyesha weusi ambao hawakuguswa na utumwa wala ukoloni, na hilo ni haki ya mbunifu. Lakini nyumba kubwa haikosi jiko, na jiko halikosi mpishi. Huba ya watu wale wawili inapendeza kwa sababu haina anayeilipia. Yumkini msanii naye aliliona pengo hilo, kwa maana katika kazi iliyofuata wachimbaji na watumishi wanaingia mlangoni, na huba haiji tena bila gharama.

Kisa cha Nadharia Pinzani ni hiki. Hapo kale za kale, katika nchi ya miamba inayofanana na ile ya Jimbo la Plateau katikati ya Nijeria, palikuwa na dola iliyotawaliwa na wanawake mashujaa waitwao Eshu. Waliowatumikia ni wanaume waitwao Koba, ambao hawakuzaliwa; walitengenezwa na Eshu kwa ajili ya kazi za migodini na za kuzalisha chakula. Katika nchi hiyo Eshu hupendana wao kwa wao na Koba wao kwa wao, na hiyo ndiyo kanuni. Haramu ni mwanamke Eshu kumpenda mwanamume Koba. Akanke ni Eshu. Aldo ni Koba. Yaliyobaki yanakisiwa.

Mpangilio huu utawashtua baadhi ya wasomaji wa mwambao, na bila shaka ulikusudiwa kushtua hata London. Ila asiyekwenda mbali zaidi ya mshtuko huo atakuwa ameondoka kabla ya shairi kuanza. Kugeuza juu kuwa chini ni mbinu kongwe ya wasimulizi, tangu ngano za sungura na simba. Kinachopaswa kuulizwa ni geuzo hilo linafichua nini.

Kwanza, ardhi. Uwanda wa Jos haukuchaguliwa kwa uzuri wa miamba yake peke yake. Waingereza walichimba bati huko tangu mwanzoni mwa karne ya 20, na wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, kati ya mwaka 1942 na 1944, watu wanaokadiriwa kuzidi 100,000 walisukumwa kwa nguvu kwenda kufanya kazi katika migodi hiyo. Katika udongo uliofukuliwa na wachimba bati ndimo zilimoonekana, kuanzia mwaka 1928, sanamu za udongo wa kuchoma za ustaarabu wa Nok, zenye umri wa zaidi ya miaka 2,000. Kichwa kimojawapo kilikaa kwa muda katika shamba la viazi vikuu kikiwa sanamu ya kutishia ndege, kabla ya mtaalamu Bernard Fagg kukipata katika miaka ya 1940 na kutambua thamani yake. Kwa hiyo katika nchi ile ya kweli, historia na jasho vilitoka katika shimo moja. Anayeijua habari hiyo hawezi kuwatazama Koba, watu waliotengenezwa ili wachimbe, kama viumbe wa njozi tu. Odutola amewaza pia juu ya Leo Frobenius, Mjerumani aliyefika Ife mwaka 1910, akastaajabia vichwa vya sanaa alivyovikuta, na akaona ni rahisi kuamini kuwa vinatokana na Atlantisi iliyozama kuliko kuamini kuwa ni kazi ya mababu wa watu waliosimama mbele yake. Mgeni yule alitunga kisasili ili kuwapokonya watu kazi ya mikono yao. Msanii aliyezaliwa katika mji huo huo anajibu kwa kutunga chake.

Pili, umbo. Ukumbi wa Barbican ulioonyesha picha hizi, uitwao The Curve, ni ushoroba mrefu wa mita 90 uliopinda kama hilali. Anayeingia haoni mwisho. Hulazimika kutembea, picha baada ya picha, na kila hatua ukuta unafunua kidogo na kuficha kidogo. Mpenzi wa tenzi ataitambua hali hii mara moja: beti 40, kila moja imesimama peke yake, na hakuna njia ya kufika ubeti wa mwisho ila kwa kuzipitia zilizotangulia. Sauti iliyotungwa na Peter Adjaye ilijaa ukumbini, ikifanya kazi ya mahadhi. Baadaye picha zilipopelekwa Aalborg, Denmark, na katika jumba la Hirshhorn, Washington, mwaka 2021, zilikuta kuta nyingine. Lakini kazi ilitungwa kwa ajili ya upinde ule, na upinde ule ni sehemu ya maana yake: wapenzi wenyewe hawaoni yanayowangoja.

Majina ya picha nayo yana vina vyake vya siri. Mengi yamekatwa katikati kwa nukta-mkato, na kila jina linasomeka kama mshororo wenye ukwapi na utao. "Kuona na Kujua, Wapenzi wa Baadaye." "Somo la Kuiga. Athari ya Kivuli Chake." "Hivi Ndivyo Ulivyotengenezwa. Hatua za Mwisho." Ukwapi unatoa tendo, utao unatoa kivuli cha tendo hilo. Tazama la kwanza: kuona kunakuja kabla ya kujua, na wapenzi wanatajwa kuwa wapenzi kabla hawajapendana, kana kwamba msimulizi ameshika hukumu mkononi. La pili ni zito zaidi. Mapenzi yanaanza kama somo, na mwenye kusomesha ni mmoja, mwenye kuiga ni mwingine. Nani amemfundisha Aldo kutamani? Kiumbe aliyetengenezwa kwa kazi hana kioo isipokuwa yule aliyemmiliki. Akimtazama Akanke na kuiga mkao wake, je, hayo ni mahaba au ni utii uliovaa vazi la mahaba?

Hapa ndipo kazi hii inapowahusu watu wa visiwani kuliko wengi waliotembea katika ukumbi wa London. Mwaka 1897 Sultani Hamoud bin Mohammed alitoa amri ya kuondoa hadhi ya kisheria ya utumwa Zanzibar na Pemba, lakini masuria waliwekwa kando ya amri hiyo. Walihesabiwa kuwa mithili ya wake, na mlango wa kudai uhuru wao haukufunguliwa sawasawa mpaka mwaka 1909. Kwa miaka 12 sheria ilisadiki kwamba palipo na kitanda hapana mtumwa. Ushairi nao mara nyingi ulisadiki hivyo. Mjakazi amesifiwa macho yake, mwendo wake na sauti yake, na haikuonekana ajabu kwamba katika sifa zote hizo neno la ridhaa halikuwa na mahali pa kukaa. Ridhaa ya mtu asiyeweza kukataa ina uzito gani?

Kwa kumweka mwanamke katika kiti cha mmiliki, Odutola analirudisha swali hilo kwa watu ambao hawakuzoea kuulizwa. Mwanamume anayezitazama picha hizi hana pa kusimama isipokuwa upande wa Aldo. Anatazamwa. Anapimwa. Anaguswa na mkono ambao ungeweza pia kumrudisha mgodini. Mtazamaji wa kike, kwa upande wake, anapewa utawala ambao pengine aliutamani, na mara tu anapouketia anagundua kuwa haumpi usafi wa moyo. Hakuna anayetoka salama. Wale waliotarajia kwamba utawala wa wanawake ungechorwa kama pepo watakuwa wamesikitika, na ni vizuri wasikitike. Geuzo la Odutola halikombozi mtu. Linahamisha tu mjeledi, kisha linauliza kama mkono mpya unaushika kwa namna tofauti.

Nguvu ya swali hilo imo katika uchoraji wenyewe. Rangi zile zilizomiminwa juu ya matajiri wa 2016 karibu zote zimeondolewa. Uso wa picha ni mweusi, na mkono wa msanii unaongeza weupe. Kwa kawaida mchoraji huanza na karatasi nyeupe na kivuli ndicho anachokileta; hapa giza ndilo lililokuwako tangu mwanzo, na nuru inakuja mstari kwa mstari. Chaki juu ya weusi ule inakaa kama vumbi juu ya ngozi ya mtu aliyetoka shimoni. Mistari ya mwili na mistari ya mwamba ni ya ukoo mmoja, hata jicho hujikuta limetoka mlimani na kuingia begani bila kuvuka mpaka. Ile hoja ya ngozi kuwa ardhi, ambayo katika kazi za awali ilikuwa sifa, hapa imegeuka kuwa tishio. Mtu akifanana mno na ardhi anayoichimba, mwenye ardhi atamdai naye. Pasteli, zana ya kupapasa, inafaa mno kwa jambo hili, kwa sababu haiwezi kuficha kwamba mkono umepita.

Kazi hii haikukosa dosari. Kisasili kinachorithiwa huwa na mambo yasiyo na maelezo: mnyama anayesema bila sababu, mungu anayekosea njia, tusi lililobaki mdomoni mwa wazee mpaka likawa takatifu. Kisasili cha Odutola kimenyooka kupita kiasi. Mtu akishapewa kanuni ya geuzo anaweza kukisia mengi: aliyekuwa juu yuko chini, lililokuwa halali ni haramu. Mahali pengine hadithi inafanana na hoja iliyovikwa nguo, na picha kadhaa zinasimama hapo kwa ajili ya kuunganisha kisa tu. Zikiondolewa katika safu hazitamkumbusha mtu chochote. Jina la Eshu nalo linaacha deni. Kwa Wayoruba, Eshu ni mjumbe wa njia panda, mwenye hila na kicheko, anayewapelekea watu ujumbe wa miungu na kuwavuruga akipenda. Watawala waliopewa jina lake hapa hawacheki wala hawamchezei mtu. Ni wakali, wametulia, ni wa serikali. Huenda hiyo ndiyo hila yenyewe, kwamba watawala hujiita kwa jina la mvurugaji ili kuficha jinsi wanavyopenda utaratibu. Lakini ushahidi wa hilo katika picha ni mdogo, na mtazamaji anabaki anaukosa mzaha wa yule naibu katibu wa miaka iliyotangulia.

Lawama ya kwamba picha zinahitaji maelezo ili zieleweke haina uzito sana. Utenzi nao unahitaji dibaji, na msikilizaji asiyejua Badri ni wapi hapotezi utamu wote wa utenzi wake. Tena katika picha zile zilizo bora, Akanke na Aldo hawahitaji maneno. Namna mmoja anavyokaa na mwingine anavyoyaelekeza macho inatosha kuonyesha nani anaweza kuondoka na nani hawezi.

Mwaka 2024 Odutola alikuwa miongoni mwa wasanii wa banda la Nijeria katika maonyesho ya Venice, na mwaka huo huo alionyesha kazi mpya Kunsthalle Basel, Uswisi, kwa jina la Ilé Oriaku. Ilé ni nyumba kwa Kiyoruba. Oriaku ni neno la Kiigbo linaloitwa kwa heshima mwanamke mwenye nyumba. Lugha za wazazi wake wawili zimewekwa bega kwa bega katika jina moja, jambo ambalo koo zake mbili za kubuni zilihitaji ndoa nzima kulifikia. Katika kazi hizi amerudi kwenye kitu alichorithi: mbari, nyumba za udongo ambazo Waigbo wa pande za Owerri walizijenga kwa ajili ya Ala, mwenye ardhi. Waliochaguliwa kuijenga walitengwa kwa muda mrefu wakifinyanga sanamu za miungu, za wanyama, za akina mama wanaojifungua, za wapenzi, hata za wageni waliopita. Nyumba ikishakamilika na kutazamwa, haikukarabatiwa tena. Iliachiwa mvua mpaka udongo ukarudi kwa mwenyewe.